Fimbo ya Baba Mlangoni pa Bosibori

Wajukuu zangu, na nyinyi vijana wa watu mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya lisukumeni kando mwendelee. Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani, na wiki hii Kemunto ameiamsha tena.

Kemunto ni mjukuu wangu, yuko chuo kikuu. Anasomea kitu kinaitwa anthropolojia. Nilimuuliza huo ni ugonjwa gani, akacheka, akasema ni elimu ya watu: wanavyoishi, wanavyooana, wanavyozikana, na kwa nini wanafanya hivyo. Nikamwambia hiyo elimu mimi niliifeli nikiwa na miaka kumi na mitano.

Alifika hapa Sironga Jumapili asubuhi na maswali arobaini kwenye simu. Kufikia chakula cha mchana alikuwa amemaliza maboma sita. Alipofika kwangu nilikuwa nachambua mboga, chinsaga, na badala ya kuniuliza mimi akawauliza binamu zake waliokuwa wamekaa tu hapo. Wakamjibu kwa niaba yangu. "Andika nyanya anaogopa wachawi," Ombati akasema, na wengine wakacheka. Nilikuwa pale pale, na masikio ninayo. Yeye akaandika.

Sikumkemea. Niliona aibu, maana nilikuwa namwangalia msichana ninayemjua.

Nilipokuwa msichana, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, bila fimbo haendi. Kaka yangu Nyakundi alikuwa amemuoa Bosibori kutoka Marani, na nyumba yao ilikuwa chini kidogo ya nyumba ya baba. Ndipo akaja mgeni, Zuhura, msichana wa Mombasa aliyekuwa chuo kikuu. Walimu wake walimtuma akae kwetu ajifunze desturi zetu sisi Abagusii. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, lakini Ekegusii hakujua hata neno moja. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha shule, nikafanywa mdomo wake. Sijawahi kujiona mkubwa kama nilivyojiona siku zile. Nilianza hata kutembea kama yeye, mpaka mama akaniuliza kama nimeumia kiuno.

Sasa, kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua inyeshe. Akitaka jambo husimama nje, agonge fimbo chini, mke wa mwanawe aitike kutoka ndani. Chai akipewa, anainywea huko huko nje. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na nyinyi wa siku hizi mmeipunguza lakini mnaijua.

Zuhura aliona baba ananywa chai akiwa amekaa juu ya jiwe, hatua tano kutoka mlango wa mwanawe, na manyunyu yanamwangukia. Akaniuliza kwa nini. Wanangu, jibu nilikuwa nalo. Lakini nilimtazama yule msichana na viatu vyake vya kamba, nikaona nikimwambia ukweli atatuona watu wa porini. Nikamwambia, "Waligombana juu ya shamba." Akaandika. Nikafurahi kwamba yameisha.

Hayakuisha. Zuhura alikuwa na moyo mzuri, na mtu mwenye moyo mzuri aliyepewa habari ya uongo anaweza kubomoa boma huku anatabasamu. Alikaa na yale maneno siku tatu yakimchoma. Siku ya nne kaka alikuwa ameenda kuuza ndizi Nyamache, na Bosibori alikuwa kisimani. Zuhura akawasha moto mwenyewe ndani ya nyumba ya Bosibori, akapika chai ya tangawizi kama ya kwao, kisha akamfuata baba kwenye jiwe lake. Akaishika ncha ya fimbo yake, akaanza kumwongoza mlangoni kwa upole, akisema mzee njoo, leo chai tunanywa ndani, kaka akirudi mpatane.

Baba hakutaka kumwaibisha mgeni. Alinigeukia akaniambia kwa Ekegusii, polepole, "Mwambie siwezi kuingia humo. Mwambie ni heshima."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lile la kwanza lilikuwa dogo mbele ya hili. Nikisema ukweli, Zuhura atajua nilimdanganya. Nikamwambia, "Anasema anaona haya tu. Mvute."

Akavuta. Na kwa kuwa mguu wa baba haukuweza kusimama bila ile fimbo, mwili ukaifuata fimbo. Akapita mlango. Wakati huo huo Bosibori akatokea na maji kichwani, akamwona baba mkwe wake amesimama ndani ya nyumba yake, karibu na kitanda chake. Mtungi ulianguka. Akamchukua mtoto wake mchanga aliyekuwa amelala kwa mama yangu, akamfunga mgongoni, akashika njia ya kwao. Hakupita hata kuaga.

Kufikia jioni kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kwamba mzee wa kanisa anaingia kwa mke wa mwanawe, mwanawe akiwa sokoni. Baba alijifungia ndani, na Jumamosi, siku yetu ya ibada, hakuenda kanisani. Kaka hakula. Watu wa Marani walituma neno kwamba binti yao hatarudi mahali ambapo hana mlango. Na mimi nilinyamaza, wanangu, siku mbili nzima, huku Zuhura akiniuliza amekosa nini na mimi nikimwambia sijui.

Aliyenifungua kinywa ni nyanya yangu. Mama na baba wangesemaje nami habari ya vitanda na milango? Lakini nyanya na mjukuu huambiana lolote. Aliniita nimkune mgongo, akaniuliza baba alisema neno gani pale mlangoni. Nikamwambia. Akaniuliza mimi nilisema neno gani. Nikalia.

Hakunipiga. Alisema, "Baba yako hakuwa na mdomo mwingine pale ila wewe. Uliulizwa neno lake, ukatoa lako. Kesho utaenda Marani kwa miguu yako na huyo mgeni wako, ukaseme yote mawili, la kwake na la kwako."

Tulienda. Njia ilikuwa ndefu, na njiani nilimwambia Zuhura ukweli wote. Alitembea tu, machozi yanamtoka, daftari ameligandamiza kifuani.

Mama yake Bosibori hakutukaribisha ndani. Tulikaa kwenye nyasi, nikasema, na kila neno nikalirudia kwa Kiswahili ili Zuhura asikie kwamba sijapunguza. Bosibori alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo alikataa?"

"Alikataa, wifi. Mimi ndiye niliyemnyima mdomo."

Akakaa chini kama mtu aliyetua mzigo. Zuhura akaniomba nimuulize, kama atakubali, ile desturi yenyewe anaionaje yeye, maana alidhani ni kifungo. Bosibori akamgeukia. Akasema, "Mwambie boma lile lote ni la wakwe zangu. Nyumba ile ndiyo mahali pekee ninapofungua leso nikanyonyesha, nikaimba vibaya, nikalia nikitaka. Nikisikia ile fimbo imegonga nje ikasimama, najua mzee yule ananilinda."

Nikalitafsiri vile vile lilivyokuwa. Zuhura hakuandika. Alilifunga daftari.

Bosibori alirudi siku iliyofuata. Wazee walikaa, jambo likasafishwa kwa njia yao, na baba akarudi kwenye jiwe lake. Siku ile fimbo ilipogonga chini na wifi akaitika kutoka ndani, mama alisimama jikoni akafuta macho kwa ncha ya leso.

Nyanya alimpa Zuhura kikapu, akamwambia daftari lipumzike. Miezi minne yule msichana wa Mombasa alichuma chai nasi, akapigwa na mvua nasi, akasongeshwa ugali wa wimbi mpaka mabega yakamuuma. Alipoanza kuandika tena, kila jioni alimsomea kila mtu yale aliyomwandika, na mtu akisema hapana, si hivyo, alikata. Ule ukurasa wa ugomvi wa shamba aliutia motoni mbele yangu.

Msidhani nasema kila desturi ni nzuri kwa kuwa ni yetu. Ile ya kukata wasichana ilinipita mwilini. Naijua kuliko chuo chochote, na zamu ya mabinti zangu ilipofika nilisimama mlangoni nikasema hapana. Lakini nilikataa jambo ninalolijua. Pale kwa Zuhura nilificha jambo nililolionea aibu, na hilo ni tofauti kabisa.

Kwa hivyo sikieni. Ukiona watu wanafanya jambo geni kwako, usilipe sababu kutoka mfukoni mwako. Kaa nao. Shika jembe lao, ule chao, kisha umuulize yule ambaye jambo lenyewe ni lake, hasa yule unayemwonea huruma. Na ukiulizwa habari za watu wako, usizipake rangi ili mgeni akupende. Mungu awape masikio marefu na ulimi wa pole. Muingie mabomani mwa watu, na mkitoka, wabaki wakiuliza mtarudi lini.

Jumapili hiyo, kabla ya chakula cha jioni, niliwaita wote jikoni, Kemunto na simu yake, Ombati na kicheko chake, nikawaambia hivi: "Kesho mpeni Kemunto kikapu aingie kwenye chai. Asijibiwe swali hata moja mpaka vidole vyake viwe vyeusi kama vyenu. Na mtu wa boma hili akiulizwa neno la mwenzake, ajibu: mwenyewe yuko, muulize."