Mji wa Mama na Mji Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, gari ya hospitali ilisimama mlangoni kwangu, mjini Sur. Dereva akaniambia amekuja kumchukua mama yangu, akasafishwe damu. Mama alikuwa na maradhi ya figo, na alikuwa mji mwingine, Ibra, mbali kabisa, keshavaa buibui lake anaingoja gari hiyo hiyo. Nikampigia simu jirani yake, akampeleka yeye. Alifika kachelewa, miguu imemvimba, lakini alhamdulillahi walimpokea.

Mimi nikaondoka kwenda Ibra na moto kifuani. Kazi yangu ilikuwa ya kompyuta, nikijua pa kutazama. Katika ofisi ya hospitali nikamkuta Sharifa, binti mgeni wa kazi aliyeitunga orodha ya madereva, na mkubwa wake, Mzee Khalfan, mtu wa Pemba asiyepandisha sauti. Nikaitazama amri aliyoiandika Sharifa kwenye kompyuta. Jedwali la wagonjwa lina safu ya mji, na jedwali la jamaa zao lina safu ya mji vilevile. Alipoyaunganisha aliweka kinyota, maana yake lete safu zote. Basi mji ukatoka mara mbili kwa jina moja, na programu ya madereva ikashika ule wa mwisho, mji wangu mimi; dereva alipofika Sur akaulizia jina langu, jamaa wa mgonjwa, mpaka mlangoni.

Nikamsema yule binti mpaka akainama. Nikataka aachishwe kazi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mwenye hasira hakumbuki methali.

Mzee Khalfan aliningoja nimalize. "Taib, ushasema yako," akaniambia. "Sasa keti umfunze. Aliyekosa akafukuzwa, huenda akakosa kwengine."

Kisha akamuuliza Sharifa kwa upole vipi hakuiona safu iliyojirudia.

"Niliiona, ami," akajibu. "Lakini nilijaribu kwa majirani zetu tu. Kwetu mama mgonjwa anakaa na mwanawe. Nikadhani mji ni mmoja, wowote utakaoshikwa."

Hapo nikajitazama mwenyewe, mwanangu. Watu nilikuwa nikiwaambia mama hataki kuhama Ibra. Kweli nilimuuliza, mara moja tu, na alipokataa nilifurahi, maana nyumba yangu ilikuwa ndogo na mimi kijana. Nyani haoni kundule. Niliona haya mbele ya yule binti, na haya hiyo ninayo mpaka leo.

Nikaketi tukaandika upya pamoja. Hata mwaka haukwisha, nikaomba uhamisho nikarudi kukaa na mama.

Basi nisikilize, wewe uliyeanza kazi hii juzi. Ukiunganisha majedwali, usiagize safu zote kwa uvivu. Taja unazozihitaji moja moja. Ile nambari inayoyaunganisha, kama nambari ya mgonjwa, ichukue mara moja, yatosha. Safu mbili zikiwa na jina moja, kila moja ipe jina lake: huu mji wa mgonjwa, huu mji wa jamaa yake. Usiseme zitakuwa sawa tu, kwani yuko mtu anangoja gari. Na ukimwona mwenzio kakosa, kaa naye kabla hujamsema.

Mungu akutilie baraka katika kazi ya mikono yako, akupe moyo wa subira, na mzazi wako akikuita, akujaalie uwe karibu umsikie.