Makucha Matano ya Joka la Wafalme

Niliondoka Unguja kwa sababu moja: baba mdogo alitaka kuwagawa wadogo zangu watatu kwa jamaa. Tangu wazazi wetu wafariki, mimi, niliyeacha shule darasa la sita, ndiye niliyewalea kwa kushona kofia. Nikamwomba shangazi akae nao nyumbani, nikakubali kazi ya kudarizi katika duka moja la Doha ili niwatumie fedha za matumizi. Kama ningeshindwa miezi mitatu ya majaribio, ningerudishwa, nao wangegawanywa.

Alfajiri tulipotua, joto lilinipiga usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Gari la duka likanipeleka mtaa wa Al Mansoura, kwenye chumba cha wanawake sita juu ya duka la kinyozi.

Mwezi wa tatu wa majaribio aliingia dukani Bi Thu, Mvietnam mwenye mkahawa Al Rayyan. Alitaka hariri ya kutundika ukutani, yenye nembo ya ukoo wa mwisho wa wafalme wao: joka la dhahabu. Akatuachia picha. Nilidarizi siku tisa.

Asubuhi ya kukabidhi niliitazama picha upya, nikahesabu. Joka la pichani lilikuwa na makucha matano kila mguu, langu manne. Maua ya kofia za kwetu hushonwa jozi kwa jozi, yakabiliane, na mkono wangu ulikuwa umefuata mazoea.

"Nyamaza, dada," alisema Athumani, fundi mkuu, mtu wa Mombasa. "Nani atahesabu makucha ya joka, na lenyewe halipo duniani?"

"Bi Thu mwenyewe, kaka."

"Basi funga begi kabisa."

Saa nne Bi Thu alifika. Nikamwonyesha kosa kabla hajakaa. Tulielewana kwa Kiarabu cha dukani.

"Matano ni ya mfalme," alisema. "Manne ni ya watu wake. Umemshusha cheo!"

"Nipe siku mbili nimrudishe kitini."

Akaigeuza hariri, akaikagua nyuma kwa muda mrefu. Hapakuwa na fundo hata moja.

"Babu yangu alikuwa mshonaji wa ikulu," akasema. "Naye kila kazi alianza kuikagua kwa nyuma. Siku mbili, basi."

Nilifumua miguu yote minne, uzi kwa uzi, nikaanza upya. Siku ya pili Bi Thu alihesabu kwa kidole mpaka ishirini, akamgeukia Athumani: "Kazi zangu zote mpe huyu."

"Haya, dada," Athumani akacheka, "lifungue hilo begi."

Baada ya miaka miwili nilirudi likizo. Nilichojifunza Doha ni kulitaja kosa langu mwenyewe, kisha kulifumua mpaka lilipoanzia. Wadogo zangu walinipokea mlangoni, wote watatu. Jioni baba mdogo alikuja kula nasi, akaniuliza habari za "watoto wa nyumba hii"; neno la kuwagawa hakulitaja tena.