Kuitwa Ngomeni

Fundi anapaka chokaa ukuta wa barazani, na harufu yake mbichi imenirudisha ngomeni, siku baba alipotupeleka mimi na mdogo wangu kutembea pamoja na mama na bibi, sote tumevaa nguo za sikukuu.

Tulikuwa tunapanda ngazi mama alipogeuka.

"Mdogo wako yuko wapi?"

Hakuwepo. Mama aliita, akaita tena, na kuta nene za chokaa za ile ngome kongwe zikamrudishia sauti yake mwenyewe. Baba alikimbilia kisima cha uani, akainama, akachungulia gizani. Mie nilishika pindo la khanga ya bibi mpaka likalowa jasho la kiganja changu.

Tulimkuta kwenye chumba cha chini walikofungiwa watu zamani, amejibanza ukutani, kajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hukunisikia nikikuita?" mama alifoka huku analia.

"Nilisikia. Lakini bibi alisema kwenye magofu tusiitike mtu tusiyemwona. Majini huiga sauti za watu."

Baba akamtazama bibi. Bibi akatazama chini. Chapati tulizobeba zilirudi nyumbani zilivyo.

"Mama!" mwanangu ananiita sasa kutoka chumbani.

Naweka ufagio chini, natembea kimya mpaka mlangoni, namwona, ndipo naitika.