Mafundo Yanayoangalia Kushoto

Wateja wa gereji ile wanamwita Dada Chai, naye anaitika. Ukimkuta anavuka ua na birika utaapa kazi yake ni hiyo. Lakini subiri apite uone anakoingia: nyuma ya pazia la turubai, chumba cha hatua nne kwa tatu, dirisha la nondo, balbu moja. Humo ndimo anamoshinda.

Kazi yake, ndugu zangu, ni kusuka mota. Mota ya gari ikiungua, au ile jenereta ndogo inayochaji betri, nyaya zake za shaba hugeuka makaa. Yeye anazikata, anazing'oa, anasafisha mifereji ya chuma, kisha anazungusha waya mpya, mzunguko mmoja mmoja, akihesabu kwa midomo. Akikosea mmoja, anafumua. Mwisho anafunga kwa uzi, fundo baada ya fundo, na kumwagia vanishi. Vidole vyake vimekuwa vya kahawia kama vya mvuta tumbaku, na sigara hajawahi kuigusa.

Sasa chai imetoka wapi? Mbele ya pazia ameketi mjomba wake, fundi anayeitwa Profesa, aliyemlea tangu mama yake afariki na kumfundisha kazi yote. Jina la gereji ni lake. Miaka sita iliyopita mikono ya Profesa ilianza kutetemeka. Mkewe akamvuta binti pembeni: "Mwanangu, msaidie mjomba wako wiki moja tu, mpaka mikono itulie. Watu wasijue, watatukimbia. Wakikuona, wewe ni wa chai tu."

Wiki ile haijaisha mpaka leo.

Akipumzika, binti anatazama mabasi ya umeme kwenye simu. Kuna jambo moja halimwishi hamu: basi likipanda mlima, mota inakula umeme wa betri, likishuka, magurudumu yanaizungusha mota ileile, inageuka jenereta na kurudisha umeme betrini. Ameisuka kila mota iliyoletwa pale, ila hiyo hajawahi hata kuigusa.

Basi, Jumanne moja akaja mkaguzi wa karakana ya mabasi hayo, amebeba mota ndogo ndani ya gunia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Karibu kiti, ila hicho kina miguu mitatu na nusu, usikiamini sana."

Mkaguzi akacheka, akaketi kwa adabu. "Mzee, tuna mashine nane za kunyanyulia mizigo. Saba mota zake zimeungua mara mbili mbili. Hii uliyoisuka wewe, mwaka wa tatu sasa, haijatusumbua. Nimeifungua nione siri yake. Tunataka mkono huu utusimamie chumba cha mota. Mafunzo miezi mitatu, halafu kazi. Ijumaa saa sita mchana nafunga orodha."

Nyuma ya pazia, waya ukasimama mkononi.

"Na tazama mafundo," mkaguzi akaendelea. "Yote yameangalia kushoto. Aliyefunga hapa ni mashoto."

Profesa alikuwa na kalamu mkono wa kulia. Akaihamishia kushoto haraka. Ikadondoka, ikabingirika chini ya meza.

"Umri umekwenda, mwanangu," akasema. "Mambo ya mafunzo siyawezi tena."

"Basi hakuna uliyemfundisha? Hata mmoja?"

Binti akabana pumzi. Neno moja tu lingetosha, tena fupi.

"Vijana wa sasa hawana subira," akajibu Profesa. "Hakuna." Halafu akapaza sauti: "Dada! Tuletee chai!"

Alipotoka na birika, lilikuwa mkono wa kushoto. Akalihamishia kulia kabla ya kufika mezani. Mwenyewe hakujua kwa nini anafanya hivyo, pengine alijua. Mtaa mzima ungesema mzee amekaa miaka sita akisifiwa kwa kazi isiyo yake. Akamimina, nusu kikombeni, nusu mezani.

Mkaguzi alikuwa akieleza jinsi mota zao zinavyogeuka jenereta mteremkoni.

"Na kama mteremko ni mrefu na betri imeshajaa," binti akasikia sauti yake mwenyewe, "huo umeme mnaupeleka wapi?"

Mkaguzi akaweka kikombe chini. "Swali hilo mafundi wangu hawajaniuliza. Dada, unajua mota wewe?"

Profesa alikuwa ameibana mikono katikati ya magoti, akimtazama mpwa wake kwa macho ya mtoto aliyevunja sahani.

"Nasikiasikia tu," binti akasema. "Mimi ni wa chai."

"Na vidole hivyo?"

"Naosha makopo ya vanishi."

Mkaguzi akairudisha mota guniani. "Haya. Mimi nipo mpaka Ijumaa." Akaaga, akaenda zake.

"Umenistiri, mama," Profesa akasema.

"Mjomba, nataka kwenda. Niruhusu nimwambie."

"Nenda tu, nani kakuzuia?" akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomfunga. "Mimi nitawaambia wateja nimepumzika."

Siku tatu hawakulizungumzia tena.

Ijumaa saa tano, saa moja kabla orodha haijafungwa, binti alikuwa ameshasugua vidole kwa petroli na kuvaa viatu vya kutokea. Ameshika pazia atoke, akasikia dereva wa gari la wagonjwa akiingia kwa haraka.

"Profesa, jenereta imekufa! Gari limelala na hospitali inalisubiri. Nimeambiwa hapa hakuna kinachoshindikana."

Binti akangoja. Mzee angesema leo amepumzika, kama alivyoahidi.

"Aliyekuambia hakukudanganya," Profesa akacheka, kicheko chake kile cha zamani. "Iache. Naisuka mwenyewe, sasa hivi."

Dereva akamshukuru, akaenda kungoja garini. Profesa akainyanyua jenereta kwa mikono yote miwili, akasukuma pazia kwa bega. Akamwona binti, akaviona na viatu. Chuma kilikuwa kizito, na mikono ilitikisika mpaka boliti zikawa zinagongana.

"Pokea, mama," akanong'ona. "Inaniponyoka."

Akaipokea.