Chale za Mtoto wa Ndalahwa

Ndalahwa alikuwa mtu mgumu kibiashara. Alihamia Usangu kutoka Shinyanga na mkewe Roza, akajenga mbali na barabara makusudi, ili sisi wanunuzi wa ng'ombe tufike hoi na kukubali bei yake. Nikimkosoa mnyama, alinicheka: "Bwana Asukile, mifupa unaiona, nyama huioni?"

Mwaka 1976 mtoto wao wa pekee, Masunga, alishikwa degedege. Siku hiyo nilikuwepo. Mto ulikuwa umejaa, hospitali ya ng'ambo haifikiki. Ndalahwa akachukua wembe, akamchanja chale kifuani, tatu huku, tatu huku, akapaka dawa kama alivyofanyiwa yeye na baba yake. Nikaondoka na ng'ombe wangu wawili. Kesho yake mtoto akafa.

Jirani alipeleka habari polisi: mtoto kafa ana damu kifuani. Daktari aliyepima maiti akaandika majeraha sita, kifo cha kuvuja damu. Mume na mke wakakaa mahabusu mwaka mzima, kisha kesi ya mauaji ikasikilizwa Iringa.

Nikaitwa kutoa ushahidi. Nilipanda basi Uyole nikiwa na hakika nitaimaliza kesi hiyo. Mimi nimewahi kuuza ng'ombe kilema kwa bei ya mzima, nishindwe kuuza ukweli?

"Shahidi, ulimwona mshtakiwa akimkata mtoto kwa wembe?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Zile ni chale, mheshimiwa, dawa ya..."

"Ulimwona, hukumwona?"

"Nilimwona, lakini..."

"Inatosha."

Wakili wa kuwatetea, waliyepewa na serikali, akasema hana swali.

Maneno yamekataliwa, nikaonyesha mali yenyewe. Nikafungua shati. Chale zangu za utotoni hizo hapo, tatu huku, tatu huku.

"Funga vifungo! Hapa si mnadani," jaji akasema.

Watu wakacheka. Hata Ndalahwa alitabasamu kidogo pale kizimbani. Roza hakuinua kichwa.

Wakapewa miaka minane kila mmoja, kwa kuua bila kukusudia.

Nje, askari aliyewafunga pingu alinisogelea.

"Mzee, ulisema kweli." Akafungua kifungo kimoja cha sare, akanionyesha. "Hata mimi ninazo."

"Sasa mbona umenyamaza?"

"Nani kaniuliza?"

Akafunga kifungo chake, akawapandisha kwenye gari, Roza kwanza.