Mume Wangu Alipoacha Kutetemeka

Mume wangu alipoanza kujichoma insulini, daktari alimsisitizia jambo moja: ukishachoma, kula. Akaitikia. Lakini kwetu Bweranyange mwanaume haanzi siku kwa kula. Chai ni ya saa nne, baada ya kazi. Alikuwa anachoma sindano alfajiri, anachukua panga, anaenda kupogolea migomba na tumbo tupu. Nilisema mpaka mdomo ukachoka.

Basi sukari ikawa inashuka, mara tatu au nne kwa wiki. Mikono ilimtetemeka, shati lililowa jasho, moyo ulimwenda mbio, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kujua. Alichuma ndizi mbivu, akala, akakaa chini kidogo, akaendelea. Nilimtania kwamba anawaibia watoto mbivu zao.

Halafu kutetemeka kukaisha. Miezi miwili hakutoka jasho wala nini. Tulifurahi kama wajinga. Mimi ndiye niliyechagua mkungu mkubwa kuliko yote shambani, tukaupeleka kanisani kwa shukrani, ukapigwa mnada baada ya ibada, watu wakatupongeza.

Furaha ilitutoka kliniki, kule Kayanga. Daktari alimpima, akaangalia kipimo, akamwangalia mume wangu aliyekuwa akimuuliza bei ya kahawa, akapima tena. Sukari ilikuwa chini mno. Alimpa glukosi kwanza, ndipo akatueleza. Sukari ikishuka, mwili hutoa homoni za kupambana na hatari, adrenalini na nyinginezo. Ndizo zinazotetemesha na kutoa jasho, na ndizo zinazoliamuru ini litoe sukari ya akiba. Ikishuka mara kwa mara, mwili unazoea, kama jirani anayeitwa kila siku mpaka anaacha kuitikia.

"Mama, hajapona," alisema. "Bado inashuka, ila mwili haumwambii tena."

Akampunguzia dozi. Akasema akikaa wiki kadhaa bila kushuka, dalili zinaweza kurudi. Njiani nilimkasirikia mume wangu, kisha nikajikasirikia mwenyewe.

Siku tano alikunywa uji kabla ya shamba. Siku ya sita nilikuta kikombe kimefunikwa kwa kisahani, uji umepoa, yeye ameshaondoka. Aliporudi aliketi uani kwenye turubai kuchambua kahawa. Nilitoka jikoni nikamwona anawatupia kuku buni nzuri, mbovu anaziweka kwenye ungo. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu, umetulia kabisa. Nilimuuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa.

Nikakoroga sukari kwenye maji, nikampelekea. Akafumba mdomo, akageuza uso. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamsihi. Kumlazimisha mwanaume mzima sikuweza, na kama ningemmiminia, maji yangempalia. Nikabaki nimesimama na kikombe mkononi, ninayetetemeka ni mimi.

Mwishowe akainua macho, akanitazama kwa upole.

"Shikamoo, mama," alisema. "Karibu ukae. Mke wangu yuko jikoni, anakuja sasa hivi."

Nikaitikia marahaba. Nikamwambia mke wake ndiye aliyenituma nimletee kikombe hiki, na amesema akimalize chote. Akakipokea kwa mikono miwili.