Ploti ya Kabianga

Loice alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa akiwa bibi harusi, mwaka uleule mumewe Eliakim alipoandikwa kazi ya kuchuma majani chai. Kampuni iliwapa chumba kimoja na jiko. Loice naye akaandikwa, na humo wakalea watoto watatu. "Hii ni ya kampuni," alizoea kusema. "Yetu tutajenga."

Jumapili moja walitoka kanisani wakaenda Kabianga kwa mzee Kiptanui, aliyekuwa akiuza ploti kando ya barabara. Wakati huo mishahara yao ya mwaka mmoja ingetosha kuinunua. Lakini kifungua mimba alikuwa anaingia sekondari.

"Tulipe karo kwanza," Eliakim alisema. "Shamba halitoroki."

Chuo kikuu cha pale Kabianga kikapanuka, wenye pesa wakajenga hosteli. Kila walipomaliza kusomesha mtoto mmoja walirudi kwa Kiptanui, na kila mara bei ilikuwa imewaacha: mishahara ya miaka mitatu, kisha saba. Mara ya mwisho mzee aliwakaribisha kwa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, lakini hakuwatazama machoni.

"Mama, nimeuzia mtu wa Nairobi," alisema. "Hata vijana wangu hawawezi kununua hapa."



Kisha zikaja mashine za kuchuma chai. Wote wawili waliambiwa kazi imeisha, na nyumba wairudishe kabla ya mwezi kwisha. Siku ya kuhama Loice alifagia, akapiga deki, akaanza kusugua masizi ukutani.

"Unamsafishia nani?" Eliakim aliuliza. "Wataifunga tu."

"Watoto wangu walizaliwa hapa," alijibu, akaendelea kusugua.

Eliakim alipata kazi ya kulinda hosteli ya wanafunzi huko Kabianga. Kodi ya chumba kimoja pale ingemaliza mshahara wake wote, kwa hiyo analala kwenye kibanda cha getini. Loice alirudi ziwani, kwa shemeji yake, nduguye Eliakim, akapewa jiko la zamani alale humo. Watoto walikuwa mijini, bado wakitafuta kazi.

Siku hizi huonana Krismasi. Mwaka jana Eliakim alimkuta amekonda, akifulia watu nguo. Alimshika mkono. Walikaa kwenye viti vya plastiki uani kama wageni, hadi mke wa shemeji alipowaita kula.